Nilimsemea Yaya Mbele ya Hakimu

Kosa ni langu. Sitaki mtu anipoze kwa kuniambia nilikuwa na nia njema. Nia hiyo hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa!

Nimesoma sheria chuo kikuu, na hapa Kolwezi wanaonijua wanachoka na maswali yangu. Pasta akisema, nauliza. Mzee akiamua, nauliza. Mtu mmoja tu sikuwahi kumuuliza kitu: mimi mwenyewe.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, aliugua akili. Hapati usingizi, anajibizana na watu tusiowaona. Tonton, mdogo wa marehemu baba, akampeleka kwenye chumba cha maombi nje ya mji. Nilimkuta amefungwa mguu kwenye gogo, midomo imekauka, wanamnyima chakula ili pepo limtoke.

"Nani alikupa haki ya kumfunga mtu?" nilimfokea pasta.

"Mutoto, familia ndiyo ilimuleta, familia ndiyo itamutosha humu, imurudishe nyumbani. Weye uko nani?"

Nikaenda kuwasihi wazee wa familia. Tonton akauliza, "Akitoka, nani atajibu juu yake? Akichoma nyumba ya batu?"

Ah, hapo nikajiona nina akili! Nikawaeleza: baraza la familia liiombe mahakama itamke kwamba Yaya hawezi kujiamulia, mimi niwekwe kuwa tuteur, msimamizi wake kisheria. Ndipo nitajibu mimi, na pasta atamwachia. Walikubali upesi mno. Na mimi, bingwa wa maswali, sikujiuliza kwa nini!

Siku ya mahakama, Yaya aliamka ametulia. Tukiwa tumekaa nje tukingoja kuitwa, akanitazama shati. "Umefunga bifungo bibaya. Juge atazania mugonjwa ni weye."

Tulicheka. Kisha nikaingiwa na hofu. Akisema hivi ndani, ombi letu litaanguka, na jioni atarudishwa kwenye gogo.

Hakimu alimgeukia. "Mama, weye mwenyewe unasema nini?"

Yaya alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Hawezi kujieleza, Mheshimiwa."

Aliufunga mdomo. Hakimu akaandika. Jamani, sikuona aibu hata kidogo! Nilitoka pale nikijipongeza.

Hukumu ikatoka kama tulivyoomba, pasta akamwachia. Masista wa kituo cha afya walimpa dawa, na dawa zikamkubali. Leo Yaya anauza makala, yaani mkaa, sokoni, anapika, anatania. Akapata na mchumba, Tata Kasongo, mchomeleaji aliyefiwa na mke. Mtu mpole. Tukaenda naye ofisi ya komini kuandikisha ndoa.

Karani alisoma, akainua macho. "Mama, kwa sheria weye uko kama mutoto. Hauwezi kuolewa."

"Mimi ndiye tuteur, nimekubali!" nikasema.

"Haitoshi, tata. Hukumu itoshwe kwanza, ifutwe. Familia irudie kwa juge."

Familia! Nyumba ya baba aliachiwa Yaya, na Tonton ameshaipangisha kwa wachimbaji, chumba kwa chumba, kodi anakula yeye; Yaya akirudishiwa haki zake, ataidai. Nilipomwomba aitishe baraza, alicheka hadi akakohoa.

"Wazimu anaolewa? Weye mwenyewe uliambia juge hawezi kusema. Ao ulibongopa?"

Nikisema nilidanganya, nani tena ataniamini? Nikisema sikudanganya, Yaya anabaki mtoto hadi kufa. Huo mtego niliutega mimi!

Sasa kila asubuhi Yaya ananiuliza mbele ya majirani, "Tata tuteur, ninaweza kunywa mayi?" Zamani alikuwa akicheka akisema hivyo. Siku hizi anangoja nijibu kweli.

Tata Kasongo amepata kazi Kisenge, mji wa mbali, ataondoka karibuni. Yaya hataki kumfuata bila ndoa. "Mi siko mutu wa kufichwa," anasema. Na mwanaume atangoja hadi lini?

Nimeamua. Nitarudi kwa hakimu nikiri kwamba nilisema uongo mbele yake. Huenda nisiapishwe kamwe kuwa wakili. Huenda hata hivyo asiifute hukumu. Jana nilimwambia Yaya, nikitegemea atanionea huruma.

"Kwenda," alisema, akiendelea kufunga mifuko yake ya makala. "Sema bongo yako, ule uongo wako. Kisha unyamaze. Bya kwangu nitabisema mi mwenyewe."

Ninyi mlio na ndugu mgonjwa wa akili, mpiganieni. Mkimkuta amefungwa, pigeni kelele, tafuteni wanasheria. Lakini msiombe sheria imfanye si kitu ili mpate kumwokoa! Na siku akiulizwa, fungeni midomo yenu. Akikwama, ngojeni. Akisema ovyo, ni neno lake. Na akisema vizuri kuliko mlivyotaka, basi shukuruni, hata kama kesi yenu inaanguka palepale.