Nafasi ya Themanini na Tatu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Katoro nzima wanaijua, na nikikaa kimya watu wanazidi kuitia chumvi (wapo wanaosema nililia, sikulia, nilipaliwa na maji).

Mimi ni fundi wa tovuti, nakaa Kahama, na mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Mama Kulwa wa Katoro, kule Geita, muuzaji wa pampu za kuvuta maji kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Nikamtengenezea tovuti yenye picha za pampu kila pembe, nikamwahidi kwamba mchimbaji yeyote akitafuta mtandaoni "pampu za maduara Geita", duka lake litatokea la kwanza. Sasa kuna vipimo vya mtandaoni, unaandikisha tovuti yako, vinakwambia watu wakitafuta inaonekana nafasi ya ngapi. Nikajiunga na kimoja cha bure. Kikaniambia: nafasi ya themanini na tatu. Nikacheka. Nikachukua simu yangu, nikatafuta mwenyewe, tovuti hiyo hapo, ya kwanza juu kabisa, basi nikahukumu palepale kwamba kipimo ndicho kibovu, kitu kimetengenezwa huko ng'ambo kitaijuaje Katoro? Kosa langu lilikuwa hilo tu, jamani, uamuzi wa dakika moja.

Miezi mitatu ikawa kila asubuhi natafuta, naiona ya kwanza, naifungua, nampigia simu.

"Shikamoo mama, bado tunaongoza."

"Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie."

Yule mama akanitangaza sokoni kote. Chama cha wachimbaji wadogo kilipotaka tovuti yake, ni yeye aliyenisemea kwa mwenyekiti, Baba Limi, kwamba huyu Shija hasemi uongo. Na kazi ile niliitaka kuliko chochote, maana hadi wakati huo ofisi yangu ilikuwa kona ya saluni ya dada yangu, kompyuta iko katikati ya mafuta ya nywele na rasta.

Siku ya mkutano nikavaa suti. (Katoro, jua lile, suti.) Ukumbi umejaa wachimbaji, Mama Kulwa kiti cha mbele na kitenge kipya. Nikainua simu yangu, nikatafuta mbele yao, ya kwanza! Nikasubiri makofi.

Baba Limi akakuna kidevu. "Kijana, wewe hujawahi kushuka duarani, eh?"

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana. Sisi mtu akituletea jiwe, anasema lina dhahabu, hilo hatulipondi. Hilo kalichagua mwenyewe. Tunashuka, tunaokota la kwetu, tunaponda, tunaosha kwenye karai, ndipo tunaongea. Haya jamani, kila mtu atoe simu yake."

Simu zikatoka. Mmoja akasema anaona pampu za Mwanza. Mwingine anaona matrekta. Wa nyuma kabisa kwake limetokea tangazo la dagaa wa Nkome, tena wanaonekana wazuri, wenzake wakaanza kumwomba namba. Mama Kulwa alikuwa anasogeza kidole, ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, hajitafuti tena kwa furaha bali kwa wasiwasi.

Hapo ningekaa chini ningepona. Lakini mdomo huu! Nikasema mtandao wa humu ndani ni dhaifu, ngojeni niwaonyeshe ripoti, tovuti hii kila siku inafunguliwa, haijalala hata siku moja, nikakifungua kipimo kilekile nilichokidharau, kikamwagika ukutani kwa projekta, herufi kubwa hata aliyekaa mlangoni anasoma. Katibu wa chama, mwalimu mstaafu asiyeweza kupita maandishi bila kuyasoma, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Nafasi: themanini na tatu. Wageni wa mwezi huu: mmoja. Anatokea: Kahama."

Mama Kulwa akageuka. "Kahama? Shija, si ndiko unakokaa?"

Nilikuwa nimeshapeleka chupa ya maji mdomoni, maji yakaenda njia isiyo yake, ukumbi ukavunjika mbavu. (Baadaye nilielewa: ukifungua kitu kimoja kila siku, simu inakariri unachokipenda, inakuletea hicho mbele ili ufurahi. Miezi mitatu ilikuwa inanibembeleza.)

Mama Kulwa hakucheka. "Kwa hiyo miezi yote hii nawaambia watu, kumbe mteja mwenyewe ni wewe." Alisema taratibu, bila hasira, na niliumia kuliko kama angenitukana.

"Wabeja, kijana," Baba Limi akanishukuru. "Kaa sasa."

Kazi walimpa binti mmoja wa Chato, aliyeanza kwa kuwaambia tovuti yake ya mwisho iko nafasi ya ishirini na bado anahangaika nayo.

Jumatatu nilikwenda dukani kuomba radhi. Mama Kulwa alinisikiliza hadi mwisho, akanisukumia simu yake juu ya meza: "Kile kipimo, kiweke humu." Siku hizi ripoti inaanza kwake ndipo inakuja kwangu.

Nami nimeapa, kazi yangu sitaipima tena kwa simu yangu. Nikitaka kujua naonekana wapi, namwendea mtu nisiyemfahamu pale stendi, namwomba anitafutie kwenye yake, na akisema "sioni kitu, kaka," namshukuru, narudi saluni kuendelea na kazi.