Samaki Wangu Alipona Kanisani, Akafia Sebuleni

Nilikosa jamani, tena nilikosa nikiwa na akili zangu timamu. Jina langu sitalitaja, maana hapa mtaani karibu na Mowlem wananijua, na kanisani wananijua zaidi.

Mume wangu ni dereva wa lori la Mombasa. Zamani akirudi safari nilikuwa nasikia habari zake kwa majirani kabla sijamwona: yuko baa, anawanunulia watu. Kisha siku moja akaja na tangi la kioo, mitungi ya maji ya bahari, na samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Majirani walicheka. Nani anafuga samaki wasioliwa, na maji ya mfereji yenyewe tunayapata kwa zamu? Mimi sikucheka, kwa sababu tangu siku hiyo mume wangu akishusha mzigo alikuja nyumbani moja kwa moja. Alikaa mbele ya tangi na chai yake, na watoto wakapata baba. Samaki ndio walionirudishia mume!

Safari moja akaja na samaki mpya, wa buluu mwenye mkia wa njano. Hakumtia pamoja na wenzake. Wavuvi waliomuuzia walikuwa wamemfundisha kwamba mgeni hukaa peke yake kwanza. Akamtengenezea tangi dogo chumbani kwetu, nyuma ya mlango, lisilo na mawe wala mchanga, ila kipande cha paipu cha kujifichia na mashine ndogo ya kupuliza hewa. Kesho yake samaki akatokwa na madoa meupe mwili mzima, utadhani amenyunyiziwa chumvi. Mume wangu akatia dawa ya mrututu, tone kwa tone, akinionyesha kipimo. Alipokuwa anaondoka akaniambia, "Huyu asitoke hapa mpaka mimi nirudi. Hata ukiona amepona."

Nikasema sawa. Sawa yangu hiyo!

Wiki hiyo ilikuwa zamu yangu kukaribisha akina mama wa ushirika wa kanisa. Tukiwa katikati ya wimbo, mwenyekiti wetu akasikia ile mashine ikikoroma chumbani, akauliza nani mgonjwa. Nikasema ni samaki. Walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Mgonjwa ni mgonjwa, wakasema. Mbona tumemfungia nyuma ya mlango kama mwenye deni? "Mgonjwa hafungiwi, mama," mwenyekiti akaniambia. "Mgonjwa hutembelewa."

Basi wakaingia chumbani wote, viatu mlangoni, wakamzunguka. Waliomba mpaka kioo kikapata ukungu. Mmoja alikuwa amekuja na sukari, akaiacha juu ya kitanda, kwa sababu kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Siku chache baadaye madoa yakatoweka! Habari ilienea mtaani kuliko moshi wa makaa. Watu nisiowajua walikuja kuchungulia. Jumapili nikaitwa mbele nitoe ushuhuda, nikautoa kwa machozi, na kanisa zima likasimama. Dawa ya mrututu hakuna aliyeiuliza, nami sikuitaja, ingawa kila asubuhi nilikuwa naidondosha kwa mkono wangu mwenyewe. Lo, utamu wa kupigiwa makofi!

Mwenyekiti akasema aliyepona hutolewa wodini. Nilikumbuka maneno ya mume wangu, sitadanganya. Lakini ningewaambiaje watu kwamba muujiza wangu unasubiri ruhusa ya dereva? Tukapika chai na mandazi, tukaimba, nikamhamisha yule samaki kwa kikombe hadi tangi la sebuleni. Vigelegele!

Haikupita muda mrefu, wale wa rangi ya machungwa wakaanza kujikwaruza kwenye mawe na kuhema juu juu. Madoa yakarudi kwa yule wa buluu, yakawaenea wote. Nikakimbilia dawa, lakini walikufa mmoja mmoja, na muujiza wangu ukafa wa mwisho.

Mume wangu alirudi akalikuta tangi tupu. Hakupaza sauti. Alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba madoa yakianguka ugonjwa haujaisha, umejificha tu. Akaniuliza nani aliyemtoa. Kabla sijajibu, hodi! Akina mama wa ushirika walikuwa wamekuja kutupa pole.

Mwenyekiti alimshika mume wangu mkono. "Baba, samaki alikuwa amepona kabisa. Hii ni kazi ya watu wenye wivu hapa mtaani. Si ndivyo, mama?"

Mume wangu akanitazama. Nilijua anachongoja. Alitaka niseme neno moja tu la kweli, angenisamehe, namjua. Lakini wale wanawake nao walikuwa wananitazama, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Nikasema, "Amina."

Akachukua koti lake akatoka.

Wewe unayesoma, samaki mgonjwa mtenge, na mdomo wako nao utenge mpaka uhakikishe amepona. Na ukishasema uongo mbele ya watu, uukanushe palepale, hata ukibaki bila heshima. Mimi heshima ninayo. Nikipita sokoni wananisimamisha niwaombee wagonjwa wao. Jioni nasikia kwa majirani mume wangu yuko baa gani.