Mgomo ulifunga zahanati, dawa zetu za TB zikabaki ndani

Wakuu, salamu kutoka Likoni. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si ya kuambiwa, na sitajipamba.

Mimi ni mtu wa bara, nafanya kibarua bandarini, naishi Shika Adabu. Nilikohoa miezi miwili nikisingizia vumbi la mizigo. Kupimwa, TB.

Dawa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Pale zahanati kila mgonjwa ana boksi lake lenye jina, unapewa za wiki, unaenda.

(Kwa wasiojua: zinageuza mkojo rangi ya chungwa. Siku ya kwanza nilidhani nakufa.)

Mwezi wa nne wa dawa, nimeshaanza kunenepa, nikaenda kuchukua za wiki. Geti limefungwa.

Bawabu akaniambia, "Wauguzi wamegoma. Rudi wakimaliza."

Lini? Hajui. Nyumbani nilikuwa na vidonge vya siku tatu.

Hapo ndipo wengi huacha. Unajisikia mzima, geti limefungwa, unasema basi. Halafu ugonjwa unarudi umeshaizoea dawa, na unawaambukiza watoto wako huo huo mgumu.

Nikampigia Bi Mwanasha, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Ni mama wa hapa hapa Likoni, huongea polepole lakini hutembea mbio. Akaja na daftari lake. Zahanati ile ilikuwa na wagonjwa sita wa TB, mimi nikiwemo.

"Ufunguo wa stoo uko kwa sista mkuu," akasema. "Twende kwake sasa hivi."

Sista tulimkuta akianika nguo. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, ndipo Bi Mwanasha akamweleza shida yetu.

Sista akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, mimi nami nimegoma. Nikifungua stoo, wenzangu wataniita msaliti. Na wallahi tunachodai ni haki yetu."

Kweli ni haki yao.

Kisha akaniangalia, akashusha sauti. "Wewe kaka nakufahamu. Boksi lako nitakutolea. Lakini usimwambie mtu."

Wakuu, nilitaka kukubali. Mdomo ulishafunguka.

Bi Mwanasha hakunilaumu. Aliinamia daftari lake tu. Nikaona majina ya wenzangu, mmoja wao mama anayenyonyesha.

Nikasema, "Sista, tuko sita."

Akaitundika kambani nguo iliyokuwa ikichuruzika maji mkononi. Halafu akachukua simu, akampigia kiongozi wao wa mgomo, akaweka spika tusikie.

Yule bwana hakuzunguka. "Wa TB wape. Tunadai haki yetu, hatutaki mtu afe. Toeni hizo tu, na muandike."

Adhuhuri hiyo stoo ikafunguliwa. Maboksi sita yakatoka, Bi Mwanasha akatia sahihi kwa kila moja, mlango ukafungwa tena.

Yalikaa kwenye kabati lake la vyombo. Kila asubuhi kabla ya kazi tulipita kwake, tukameza mbele yake. Ukichelewa anakupigia. Ukizima simu, anabisha mlangoni kwako!

Mmoja wetu, muuza madafu, alikuwa ameshaacha siku tano, tangu alipokuta geti limefungwa. Alipoletewa boksi lake alilia kwa aibu. Alianza tena, na yeye ndiye akawa wa kwanza kufika kila siku.

Mgomo uliisha baada ya wiki kadhaa. Sote sita tulimaliza dawa. Makohozi yangu ya mwisho yalipopimwa yalikuwa safi, leo nabeba magunia kama zamani.

Sista mwenyewe ndiye aliyelifikisha jambo hili kwenye kamati ya zahanati. Sasa kuna ufunguo wa pili unaokaa kwa kamati, na orodha ya wanaomeza dawa za kila siku iko pia kwa wahudumu wa mitaa. Mgomo uje, mafuriko yaje, dawa zitatufikia.

Nilichojifunza: afya yetu ilikuwa imening'inia kwenye ufunguo mmoja, na hatukujua mpaka siku ile. Kurekebisha hilo hakukungoja mradi wala mgeni rasmi. Ilitakiwa watu wakae, wakubaliane nani atafanya nini mambo yakikwama.

Wenye yaliyowakuta, andikeni hapa chini. Na kabla hujaandika, muulize mzazi wako mwenye presha au sukari: zahanati ikifungwa kesho, vidonge vyake atavipata kwa nani?