Nilivyoacha kazi ya bima nikachemsha maharagwe, na siku niliyoambiwa nidanganye ukweni

Wakuu, salamu kutoka Voi, jua linatuchoma kama kawaida. Haya ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Atakayeona nimekosea aseme, ila sitabadilika.

Nilikuwa kampuni ya bima Nairobi. Tai, badge shingoni, target kila mwezi, ripoti hadi Jumapili.

Siku tunamzika nyanya yangu, nimeshika mchanga mkononi, simu ikalia. Boss.

"Ripoti iko wapi?"

Nikakata simu. Wiki iliyofuata nikaandika barua ya kuacha kazi, nikarudi nyumbani.

Hapa Voi niliona kina mama wanatoka kazini jioni wamechoka, nani ana muda wa kukaa na sufuria ya maharagwe? Nikaanza kuwachemshia. Nanunua Taveta, naloweka, nachemsha uani kwangu, nafunga kwa pakiti. Mteja anaenda kukaanga tu.

Ndio, mwanaume na degree yake. Chekeni mmalize, nangoja.

Wateja hawakunisumbua. Shida ilikuwa ukweni.

Mimi na Wakio tulishapanga kuoana, na kwao Wundanyi walijua mkwe ni mtu wa bima. Siku ya kwenda kujitambulisha, mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, akaniambia nivae ile badge ya zamani.

Badge, wakuu!

Nilikuwa nimebeba pia ndoo ya maharagwe yangu, tayari yameiva, kama zawadi. Akaisukuma nyuma ya gari, akaifunika na gunia.

"Usituaibishe. Ukishapewa msichana utasema unachotaka."

Nikavaa. Nakubali, niliogopa. Nampenda Wakio na sikutaka kumkosa kwa sababu ya sufuria.

Tukakaribishwa sebuleni. Baba yake, mwalimu mstaafu, akaiangalia ile badge akatabasamu.

"Kazi inaendeleaje huko Nairobi?"

Mjomba akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nilivua badge nikaiweka mezani.

"Niliacha, mzee. Nachemsha maharagwe nyumbani, Voi. Nauza."

"Maharagwe? Hii ya kula?"

"Hiyo hiyo."

"Na si ulisoma mpaka university?"

"Nilisoma, mzee. Ndio maana haiungui."

Mjomba alifunga macho. Mzee akasema basi, mambo ya posa tutazungumza siku nyingine, tule kwanza. Nikajua nimefukuzwa kwa adabu. Wakio alikuwa amesimama mlangoni, na machozi nikayaona. Moyo uliniuma sana, lakini maneno yangu sikuyarudisha.

Chakula nacho hakiji. Tukakaa, tukakaa, mjomba hata haniangalii.

Mwishowe mama yake Wakio akatoka jikoni anajifuta jasho na kanga. Walikuwa wanatupikia kimanga, ile mihogo na maharagwe ya kupondwa pamoja.

"Wageni, mtuwie radhi. Mihogo iko tayari lakini maharagwe imekataa kuiva. Tumeongeza kuni mpaka tumechoka."

Nikasimama. Nilienda kwa gari, nikatoa lile gunia, nikarudi na ndoo yangu nikampa mama mkononi.

Kimanga kikafika muda si muda. Mzee alikula akamaliza sahani. Akaomba aongezewe. Akamaliza tena. Halafu akamgeukia mjomba.

"Haya, leteni maneno yenu ya posa."

Msidhani mjomba aliishia hapo. Tulipokuwa tunajaza fomu ya ndoa, akaniinamia sikioni, eti pale kwa kazi niandike "Businessman".

Niliandika kwa herufi kubwa: MCHEMSHA MAHARAGWE. Wakio akachukua kalamu, akasaini chini bila kupepesa jicho.

Somo langu ni fupi. Sijawahi kuona haya kwa sababu ya sufuria. Siku niliyoaibika ni ile niliyovaa badge.

Mwenye kupinga, mwenye swali, na wewe unayesoma uzi huu ukiwa umejificha chooni kazini, wekeni maoni yenu hapa. Nitajibu nikishaepua.