Mtoto wa Ghorofa ya Kahawa

Kazi ya Mama Berthe ilikuwa kufungua madirisha. Kila siku saa mbili asubuhi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akazungusha ufunguo, akafungua madirisha saba yanayotazama mto. Kisangani nyumba isiyokaliwa huota ukungu ndani ya wiki moja, na Patron Hilaire, mwenye jengo, hakutaka mnunuzi aje apokewe na uvundo.

Jengo hilo Wabelgiji walilijenga kuwa ghala la kahawa. Kuta zake za matofali ni nene kuliko urefu wa mkono. Baada ya vita lilikaa tupu miaka mingi, popo ndani, miti ikiota kwenye nyufa, mpaka Hilaire alipolipata. Akaweka vigae, jiko la marumaru, bafu lenye maji moto na jenereta yake yenyewe. Ukuta mmoja akauacha matofali wazi, kwa sababu, alisema, watu wanaotoka Ulaya wanapenda hivyo. Kwenye bango aliandika kwa Kifaransa kwamba kuna loft ya kifahari, makao ya juu ghalani, inauzwa. Mama Berthe hakuwahi kulisikia neno hilo. Alilitamka lofti, na mwishowe hata Hilaire akasema lofti.

Siku alipokwenda kuomba kazi, Hilaire alimuuliza kama anaijua nyumba hii.

"Kila mutu anaijua, patron," alijibu.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa Yanonge. Aliletwa mjini na mumewe Lambert, aliyekuwa mbebaji wa magunia katika ghala lilelile. Lambert alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mama Berthe akabaki mtaa wa Mangobo na binti mmoja, Merdi, akamlea kwa kufua nguo za watu na kukaanga ndizi za makemba kando ya barabara. Sasa Merdi alikuwa muuguzi huko Opala. Mama yake alibaki peke yake, na lofti ilikuwa kazi ya kwanza maishani iliyomruhusu kukaa kwenye kiti.

Wiki ya tatu aliona alama kama za mikono midogo kwenye kioo cha dirisha la mwisho, lile la pembeni. Zilikuwa chini, kiasi cha kiuno chake, upande wa ndani. Alidhani wageni wa Hilaire walikuja na mtoto. Akachukua gazeti na siki, akasugua, kioo kikang'aa. Kesho yake zilikuwepo tena. Akasugua tena. Siku ya nne alimpigia Hilaire kumuuliza nani ameingia.

"Hakuna mutu, mama Berthe. Funguo ya pili iko kwangu hapa, na miye niko Buta tangu Jumapili."

Aliweka simu mfukoni, akasimama katikati ya sebule. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa sakafuni, na chini sokoni watu walisikika wakibishana bei. Hata hivyo alihisi ubaridi miguuni, kama mtu aliyekanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya rangi mpya wala ya vanishi. Ilikuwa harufu ya kahawa mbichi kwenye magunia yaliyolowa. Akashuka, akakaa kwenye ngazi za chini mpaka saa nane.

Wanunuzi walikuja. Walisifu mto, walifungua mabomba, waliuliza habari za jenereta. Mke wa mfanyabiashara mmoja alisimama karibu na dirisha la mwisho, akavuta shali mabegani, akasema anataka kushuka. Hawakurudi. Baadaye Hilaire akamketisha Mama Berthe.

"Mambo ya vita usiongee hapa. Mutu anakuja kununua vue ya muto, si historia."

"Sijaongea, patron."

"Bon. Endelea vile."

Asubuhi moja yenye mvua, mwanga ulipokuwa hafifu, aliinama na kuzitazama zile alama vizuri kwa mara ya kwanza. Mkono wa kulia ulikuwa kamili, vidole vitano vidogo. Wa kushoto haukuwa na vidole. Palikuwa na doa la mviringo, na ndani yake vimistari vya nyuzi, kama kitambaa kilichokandamizwa kwenye kioo.

Mama Berthe akakaa chini palepale, gazeti mkononi. Alimjua.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka elfu mbili, katika zile siku sita ambazo majeshi mawili ya kigeni yalipigania mji usio wao. Lambert alikuwa Lubunga, ng'ambo ya mto, hakuweza kuvuka. Berthe alikimbia na Merdi mgongoni, mtoto wa miezi minane, akaingia ghalani kwa sababu kuta zake zilikuwa nene. Mlinzi, Papa Juma, aliwafungulia watu mlango, wakapanda juu na kujificha katikati ya magunia. Berthe alipata nafasi pembeni, chini ya dirisha la mwisho. Siku ya kwanza, jua likielekea kuchwa, msichana wa miaka kama sita alikuja akakaa kando yake. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kitambaa. Hakusema jina. Bomu lilipoanguka karibu, Berthe alimziba mdomo kwa kiganja ili asilie, akamshika hivyo, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Siku ya sita milio ilitulia, mtu akapiga kelele kwamba njia ya Mangobo iko wazi, watu wakashuka mbio. Mtoto alikuwa amelala. Berthe alikuwa na Merdi mgongoni. Alijiambia mwingine atamchukua. Milio ikaanza tena kabla hajafika barabarani.

Miaka ishirini na mitano hakumwambia mtu. Hata Lambert, hata padri.

Papa Juma alikuwa bado hai. Alikaa Lubunga kwa mwanawe Yunus, fundi seremala. Jumamosi Mama Berthe alipanda mtumbwi wa injini, akavuka, akamkuta mzee kwenye mkeka barazani, macho yameingia ukungu lakini akili nzima. Alimsalimia, akajitambulisha kuwa mke wa marehemu Lambert. Wakaongea habari za marehemu kwanza, kama inavyopasa. Kisha akamuuliza.

"Papa Juma, ule mutoto mwanamuke tuliyekuwa naye kule juu, wa mukono mufungwa. Nani alimutoa mule ndani?"

Mzee alimgeuzia uso. "Mutoto gani?"

"Alikuwa pembeni yangu, chini ya dirisha. Siku zote sita."

"Mama, mule ndani tulikuwa batu makumi tatu na moja. Niliwahesabu kila asubuhi, kwani maji ilikuwa ya kugawa na bidoni ilikuwa moja tu. Pembeni yako hapakuwa mutu. Batu walikuogopa. Ulikuwa unashika mukono yako hivi." Akainua kiganja chake chembamba, akakikunja hewani, kama mtu anayeziba mdomo wa mwingine. "Nilisema, huyu mama woga imemupita."

Mama Berthe alijibana magoti kwa mikono.

"Donc, basi, hapakuwa mutoto," alisema.

"Miye sikumuona." Mzee alipapasa tasbihi yake. "Lakini nitakuambia kitu moja. Kila mara nikipita na maji uliniomba vikombe mbili. Nilikuwa nakupa, nilizania unanyonyesha, una kiu. Vikombe vyote mbili vilirudi vitupu. Na kimoja, mama, kilirudi na damu kwenye mukono ya kushikia."

Alirudi kwa mtumbwi akitazama maji ya kahawia yakipita. Hakujua lipi zito zaidi, kwamba alimwacha mtoto, au kwamba alikaa siku sita na kitu ambacho wengine hawakukiona, na kikanywa maji. Alichojua ni kwamba kiganja chake kilikumbuka pumzi. Pumzi ile ilikuwa ya moto.

Wiki iliyofuata alikuja Madame Clémence, mwenye duka la dawa, mjane, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alizunguka lofti yote, Hilaire nyuma yake. Simu ya Hilaire ilipolia na yeye akatoka kwenye ngazi kuijibu, Clémence alimgeukia Mama Berthe.

"Weye ndiye unakaa humu muchana. Iko namna gani?"

Mama Berthe alifikiri kazi yake, kiti chake, mshahara wake. Kisha akasema yote, kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Vita, kitambaa, kiganja, alama, vikombe vya Papa Juma. Hakujitetea popote. Alipofika mahali alipomwacha mtoto amelala, alishusha sauti zaidi, akaendelea.

Clémence hakumkatiza. Alikwenda dirishani, akainama, akatazama kioo. Siku hiyo kilikuwa safi.

"Ulikuwa na mutoto mugongoni na miguu mbili tu," alisema. "Miye siku zile nilikuwa Tshopo, karibu na daraja. Nilipita juu ya batu ambao walikuwa wananiita kwa jina. Hakuna nyumba hapa Kisangani ambayo haina mutu ndani yake, mama."

Hilaire aliporudi alikuta wanawake wawili wamekaa sakafuni, mmoja analia na mwingine ameshika mkono wake. Alidhani biashara imekufa. Jioni ileile Clémence alimpigia kwamba ananunua, kwa sharti moja, Mama Berthe abaki.

Hilaire hakupata kujua kilichosemwa. Alilipwa, akaondoa bango, akahamia jengo jingine.

Clémence aliingia na vitanda vyake, picha za marehemu mumewe na kasuku mmoja mzee. Mama Berthe aliendelea kuja saa mbili. Alisugua, alipika pondu ya majani ya muhogo, alianika nguo. Kwa miezi mitatu kioo kilikuwa safi, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu vita, alianza kulala mpaka asubuhi. Alimsimulia Merdi kwa simu. Merdi akamwambia ale vizuri.

Asubuhi moja mwezi wa kumi alimkuta madame mezani bado amevaa kanga ya kulalia, akikoroga kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa. Hakuwa na kawaida hiyo.

"Mama Berthe," alisema bila kuinua macho, "ule mutoto, ulisema alikuwa na miaka ngapi?"

"Kama sita, madame."

Kijiko kikazunguka mara mbili tatu.

"Bon," alisema Clémence. "Basi amekuwa mukubwa. Usiku alisimama pale dirishani."

Mama Berthe alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Dirisha la mwisho lilikuwa nyuma yake. Hakugeuka. Clémence alionja kahawa, akakunja uso, akauliza sukari imewekwa wapi, na Mama Berthe akamwonyesha.