Koki ya Thelathini na Moja

Koleo alikuwa na jina lake zuri la ubatizo, lakini hilo la Koleo alilipata akiwa na miaka tisa, siku nati moja ilipowashinda wanaume watatu, mjomba wake akiwa mmojawapo. Yeye akaifungua kwa vidole vitupu. Wapo wanaosema nati yenyewe ilijilegeza ilipomwona anakuja, ila hao ni watu wa kutia chumvi. Nati ilikuwa na kutu, na ilipofunguka ililia kama mbuzi.

Mjomba alikuwa fundi bomba, na tangu siku hiyo hakumwacha nyuma. Alimbebesha mkoba wa spana, akamfundisha kubadilisha kimpira cha koki kwa kupapasa tu, macho yamefungwa, na akamrithisha sheria yake moja: "Fundi akiondoka koki inavuja nyuma yake, heri angesahau suruali." Kwa miaka kumi na minne Koleo hakuwahi kuitwa kurudia kazi yake mwenyewe. Wasichana wenzake walijivunia hereni. Yeye alijivunia hilo.

Kanisani, lakini, alikuwa kuni mbichi. Vijana wenzake wakishika sala, sala inakwea mlima, inashuka, inavuka mto, inarudi na wageni. Siku alipoambiwa yeye afungue kikao, alisema, "Mungu, tumefika. Amina," akaketi. Watu walicheka wiki nzima. Hata hivyo, vijana walipoandaa safari ya huduma ng'ambo ya mpaka, wiki tatu katika nyumba ya kulelea wazee, Katibu wao alimweka wa kwanza kwenye orodha. Katibu alikuwa kijana wa suti moja na madaftari saba, mwenye moyo safi kama sahani ya mgeni. "Wenye kuimba ninao kumi na mmoja," alisema. "Mwenye kuziba bomba ninaye mmoja."

Lugha ya huko na ya kwao zilikuwa mtu na dada yake. Wenyeji waliyavuta maneno kama wavutao kamba kisimani, lakini mkitulia mlielewana. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ukumbi mmoja katikati kama mgongo wa samaki, milango minane huku na minane huku, sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi inateleza. Mwisho wa ukumbi palikuwa na sinki la bati, na kando ya sinki mlango wa kutokea uani, kwenye benchi la kuota jua.

Vijana wakaingia kazini. Walipaka rangi kuta, wakawakata wazee kucha, wakawasomea maandiko, wakaimba mpaka bibi mmoja wa chumba cha kwanza akauliza kama huko kwao watu wote ni viziwi. Koleo alilala chini ya masinki. Koki za nyumba ile zilikuwa zimejiachia zote. Ungedhani kuna msiba. Alitengeneza moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza Katibu aliandika kwenye daftari kwa furaha, kama mtu aliyeona twiga kwa mara ya kwanza.

Rafiki yake huko alikuwa mzee wa chumba cha sita. Alikuwa ametengeneza saa maisha yake yote, na wote walimwita Fundi Saa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye fimbo ambayo hakuigusisha chini hata siku moja. Aliibana kwapani kwa maringo. Macho, alisema, yamechoka kidogo tu. Kila asubuhi alisimama mlangoni pake, akainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza mwewe, kisha akaenda moja kwa moja hadi sinkini, akanawa, akatoka benchini. Siku moja alimsikia Koleo anapita, akamwita, "Fundi mwenzangu, kilemba cha leo kimekukaa vizuri." Siku hiyo Koleo alikuwa kichwa wazi. Alicheka, akadhani anataniwa.

Koki ya sinki lile la mwisho ndiyo ilikuwa ya thelathini na moja. Aliimaliza siku ya kumi na mbili, akiimba. Siku ile ile Fundi Saa alisimama mlangoni pake, akasimama sana, kisha akarudi ndani akafunga mlango. Hakutoka tena.

Siku tisa zikapita. Daktari alikuja, akampima, akasema mzee ana moyo wa punda na miguu mizima. Chakula akapelekewa kitandani. Vijana walisimama nje ya mlango wake asubuhi na jioni wakimwombea, na yeye kutoka ndani aliitikia "Amina" kwa sauti ya kuweza kuuza samaki sokoni. Ila kuinuka, hainuki. Matroni, mama mnene mwenye funguo nyingi na usingizi mchache, akasema hana mikono ya kumhudumia mtu wa kitandani upande huu. Kesho yake asubuhi atahamishiwa jengo la nyuma. Walioingia jengo la nyuma kwa miguu yao walikuwa wengi. Waliotoka kwa miguu yao bado wanatafutwa.

Kesho hiyo ndiyo vijana nao walikuwa wanaondoka. Basi mchana wa siku ya mwisho Katibu aliwaketisha kwenye bwalo la chakula, viti vikiwa duara, wafanye tafakari. Alikuwa amebandika ukutani karatasi kubwa yenye hesabu ya huduma: kuta kumi na nane, kucha hazihesabiki, koki thelathini na moja. Kila mmoja aseme alichotoa na alichopata.

Yalisemwa mazuri. Kijana mmoja mwenye mabega ya mpagazi alikiri kwamba alikuja akiwaogopa wazee, kwa sababu nyanya yake alimfia mikononi, na kwamba sasa haogopi tena. Hapo hata Katibu alisahau kuandika. Binti wa kwaya alisema amejifunza kuimba taratibu, kwa amri ya bibi wa chumba cha kwanza. Koleo alisikiliza, lakini moyo wake ulikuwa chumba cha sita. Alikuwa na zamu ya mwisho na hakuwa na neno hata moja.

Kabla yake akapewa nafasi mfua nguo wa nyumba ile, waliyemwita Mama Povu. Akasimama akifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Mimi nashukuru kwa ile koki ya mwisho wa ukumbi," alisema. "Miaka mitano ilikuwa inagonga bati, to, to, to, mpaka nilikuwa naisikia usingizini. Sasa ukumbi umenyamaza. Kimya hadi mtu unapotea."

Watu wakacheka. Koleo hakucheka. Akilini aliona kichwa kimeinama upande mlangoni pa chumba cha sita. Aliona kilemba ambacho hakikuwepo. Akainuka, akamnong'oneza Katibu kwamba tumbo linamsumbua, akatoka.

Fundi Saa alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu.

"Babu, ni mimi."

"Najua. Unanuka kutu."

"Ile koki. Ulikuwa unaifuata."

Mzee alitega sikio ukumbini. "Funga mlango, mjukuu wangu," akasema. Koleo akafunga. "Jicho la kushoto lilifunga duka zamani. La kulia likalifuata, maana yalikuwa yameoana. Naona mwanga wa dirisha, basi. Hapa asiyeona kabisa anapelekwa nyuma, wasije wakalaumiwa akianguka. Nikasema macho yamechoka kidogo. Ile koki inagonga, mimi naenda. Ukanifungia njia, fundi, na wimbo ukaimba juu yake."

"Si ungepapasa ukuta?"

"Nipapase ukuta watu wananiona? Siku hiyo hiyo Matroni angejua."

"Basi si ungeniambia mimi?"

"Ningekwambiaje? Binti wa watu, tafadhali niharibie koki? Ungeuliza kwa nini."

"Ningeuliza," Koleo alikubali.

"Sasa kesho nahamishwa kwa kutotoka. Na nikitoka nikaparamia ukuta, nahamishwa kwa kutoona. Chagua wewe."

Koleo akajikuna kiganja. Kuilegeza koki kimya kimya ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Matroni angeisikia inadondoka, angeita fundi mwingine, na kabla ya wiki kuisha njia ingefungwa tena. Ilibidi aseme jambo mbele za watu, jambo la kuifanya koki ile isiguswe na mtu milele.

"Nitaifungua," alisema.

"Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Sema utakalo. La macho yangu usiseme."

"Silisemi, babu."

Aliporudi bwaloni, zamu yake ilikuwa inamngoja kama mdai mlangoni. Akasimama. Aliangalia ile karatasi ukutani, akamkumbuka mjomba na ile suruali yake.

"Nilitoa koki thelathini," alisema.

"Thelathini na moja," Katibu alimsahihisha kwa upole.

"Thelathini. Ile ya mwisho niliikosea. Bomba lake la ukutani ni la zamani. Koki ikibanwa kabisa, bomba litapasuka siku moja na ukumbi wote utakuwa bwawa. Sikuliona hilo. Fundi mzuri angeliona. Naenda kuilegeza, na naomba Matroni asiruhusu mtu yeyote aibane tena. Iachwe idondoke tu."

Bomba lile lilikuwa zima, lingeweza kubanwa hadi kiama, na mtu pekee aliyejua hivyo ndiye aliyekuwa amesimama pale akilisingizia. Katika duara lile vijana walikuwa wametubu uvivu, woga, na mmoja alitubu kula biskuti za mgonjwa. Koleo peke yake ndiye aliyetubu kosa ambalo hakulifanya.

"Leo Koleo kakutana na nati dume," kijana mmoja akasema, na kicheko kikapita viti vyote. Katibu, kwa huzuni ya kweli, alichukua kalamu akakata ile moja. Matroni akatikisa funguo. "Heri umesema mapema," alimwambia. "Wengine wangeondoka kimya."

"Na umepata nini?" Katibu akamuuliza, maana utaratibu ni utaratibu.

"Bado sijamaliza kupata," Koleo akasema, akachukua spana.

Kupitia mlango wa chumba cha sita akanong'ona, "Babu, nikifungua, ikiwa haraka mno kohoa. Ikichelewa piga chafya."

Kuziba koki ni kazi ya fundi yeyote. Kuifanya ivuje kwa adabu ni kazi nyingine kabisa. Alilegeza kidogo, maji yakatiririka kama ng'ombe anakojoa. Ndani mtu akakohoa kama aliyemeza mwiba. Akabana, tone likaning'inia likijishauri, ndani ikapigwa chafya iliyotikisa dirisha. Robo ya robo ya mzunguko huku, nywele moja kule. Kikohozi. Chafya. Kikohozi kidogo. Mama Povu, aliyekuja kuona, alisimama na beseni kiunoni, akatazama koki, akatazama mlango, akatazama tena koki. Taratibu kinywa chake kikafunguka, kisha kikafungwa kwa nguvu.

"Fundi yeyote atakayekuja hapa na spana," alisema polepole, "nitammwagia maji ya nguo chafu."

To. To. To. Chumba cha sita kikanyamaza.

Kisha mlango ukafunguka. Fundi Saa alisimama, fimbo kwapani, kichwa upande. Akaja. Hakugusa ukuta, hakuyumba. Alifika sinkini, akanyoosha mkono, akaifungua koki kama mwenye nyumba, akanawa uso mara tatu, akairudisha pale pale ilipokuwa, maana vidole vilivyoishi na saa havisahau. Akatoka uani.

Binti wa kwaya ndiye aliyemwona kwanza kupitia dirisha la bwalo. Duara likavunjika. Walitoka wote, viti vikianguka, wakiimba, wengine wakilia. Matroni alijifuta macho kwa upindo wa gauni akasema uhamisho hakuna. Katibu akaongeza mstari kwenye karatasi yake: mgonjwa mmoja, ameinuka kwa maombi. Akamuuliza Koleo kama ni sawa kuandika hivyo.

"Andika," Koleo alisema. "Uongo hapo hamna."

Wenzake walipokwenda kufunga mizigo, aliketi benchini kando ya mzee. Jua liliwapiga wote wawili usoni.

"Umedanganya kwenye kikao cha Mungu," Fundi Saa alisema. "Mama Povu kanisimulia."

"Nilimwambia Mungu kabla ya kusema."

"Akasemaje?"

"Hakukohoa wala hakupiga chafya."

Mzee alicheka hadi fimbo ikamtoka kwapani. Alipomaliza kucheka aliutafuta mkono wa Koleo, akaupata, akaushika muda mrefu.

Njiani kurudi walimtania Koleo maili zote. Jumapili taarifa ikasomwa mbele ya kanisa zima: koki thelathini, moja ilishindikana. Mjomba alikuwa safu ya tatu, na waliokaa nyuma yake wanasema shingo yake ilifupika.

Jumatatu karakanani hakumsalimu vizuri. Alipanga mabomba, akayapangua, akayapanga tena. Mpaka chai ilipokuja.

"Kwa hiyo, mpwa wangu, umeacha koki inavuja."

"Nimeiacha, mjomba."

"Vimpira vilikuishia?"

"Ninavyo sita mkobani."

"Bomba lilikuwa limeoza?"

"Zima kabisa."

Mjomba aliweka kikombe chini. Alimtazama usoni, kisha mikononi, hasa mikononi, kwa sababu huko ndiko alikozoea kumsoma. Koleo hakuongeza neno. Alikuwa amemwahidi mtu.

"Inadondoka vipi?" mjomba akauliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Tone moja kwa kila hatua ya mtu mzima. Haizidi, haipungui."

"Na itakaa hivyo?"

"Itakaa."

Mjomba, mzee yule wa spana, alifikiri sana. "Nimeziba koki miaka arobaini," alisema mwishowe. "Hilo sijawahi kulifanya."

Akainuka, akaenda kwenye koki ya karakana, ile aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe na ambayo haikuwa imedondosha tone tangu Koleo azaliwe. Akamnyooshea spana.

"Nionyeshe," akasema.