Mpwa wa Edna Kutoka Leeds

Lorna Peasgood alikuwa binti pekee wa Edna, rafiki yangu. Mimi na Edna tulikata minofu ya samaki meza moja kiwandani pale Grimsby, kwa hiyo Lorna nilimwona akikua: mrefu, mcheshi, mdomo haujui kutulia. Alipotimiza miaka ishirini na mbili akaenda London kucheza filamu za ngono. Hakulazimishwa na mtu. Jina la kazi likawa Ruby Vane, na Uingereza nzima wanaume walilijua, ingawa mbele ya wake zao waliapa hawajawahi kulisikia.

Ndiye aliyemnunulia mama yake nyumba Cleethorpes, mji wa pwani wa jirani. Edna akahamia, ila majirani wapya aliwaambia, "Binti yangu? Nesi, yuko Australia."

Lorna alipoichoka kazi ile akarudi. Edna alimfungulia mlango, akachungulia barabara huku na huku.

"Wakikuuliza, we ni mpwa wangu. Umetoka Leeds."

"Mama, sura yangu si ndiyo yako hiyo hiyo?"

"Wapwa nao hufanana."

Lorna akacheka, akakubali. Alidhani ni mambo ya wiki mbili. Yakawa miaka. Alipata kazi duka la maua, na mtaa mzima ukamjua kama mpwa. Fundi bomba mmoja alimkazia macho, "Nimekuona wapi vile?"

"Ndotoni, kaka. We ziba bomba."

Kisha Edna akaanza kusahau. Akasahau kiwanda, akamsahau marehemu mumewe, lakini ule uongo wake haukumtoka. Lorna alimwogesha, akamlisha uji wa shayiri kijiko kwa kijiko.

"Mpwa, una mikono mizuri," Edna alimwambia siku moja mbele yangu. "Lakini namtaka Lorna wangu. Mbona hapigi simu?"

"Mama, Lorna si ndiye mimi hapa?"

"Niondolee uongo wako! Lorna wangu ni nesi, ana heshima zake."

Lorna aliweka bakuli chini, akatoka nje. Punde simu ya sebuleni ikalia. Nikampa Edna.

"Mwanangu!" Uso wake ulichanua kama wa bibi harusi. "Huko kuna jua? Wagonjwa wanakupenda? ... Najua, kipenzi. Najivunia sana wewe."

Nikatazama dirishani. Lorna alikuwa amesimama kando ya mapipa ya taka, mvua ikimnyeshea, simu sikioni, kiganja kingine kimeziba mdomo.

Aliporudi ndani, nywele zimelowa chapachapa, Edna alimpungia mkono kwa furaha. "Umemkosa, mpwa! Lorna amepiga!"

"Kweli? Kasemaje?"

"Kasema ananipenda."

Wiki hiyo hiyo Edna akafariki.

Kanisani, kasisi alisikitika kwamba binti wa marehemu ameshindwa kusafiri kutoka mbali, akamshukuru mpwa kwa uuguzi wake. Nikaanza kuinuka niseme ukweli. Lorna akanivuta koti.

"Kaa, anti. Amekufa akijivunia binti yake. Mwache naye."

Nikakaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha sauti ikamtoka, kubwa, ya kitoto. Nikamkumbatia pale pale kwenye benchi. Watu wa mbele waligeuka, wakanong'onezana: mpwa gani huyu anayelia hivi?